Mikono ya Ijumaa

Ifahamike kwa wote watakaosoma, walio karibu na walio mbali, wenye ndoa na wanaoitafuta, kwamba sura hii inaeleza usaliti mzito kuliko wote ambao mwanamume amewahi kumtendea mwanamke aliyempenda kwa moyo wake wote. Wenye mioyo myepesi wakae chini. Wenye leso wazitoe mapema.

Usaliti huo ulihusu kimanda.

Usicheke, msomaji. Mpima Macho hakucheka. Dada huyu, ambaye mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake kwenye duka la miwani, alikuwa mwepesi wa kucheka, lakini kulikuwa na vitu viwili ambavyo ukimchezea hakuachi salama: ukweli, na jiko. Na mchumba wake, Fundi Meno, aliyetengeneza meno ya bandia katika kliniki moja ya mji wa mbali, alikuwa amemchezea vyote viwili kwa mwiko mmoja.

Tuanze na mapenzi. Hasira itafika yenyewe.

Walikutana siku Fundi Meno alipokuja kupimwa macho. Alikaa kwenye kile kiti kirefu, kidevu juu ya kibao, na Mpima Macho akasogeza taa ndogo pamoja na uso wake mpaka pumzi zao zikakutana katikati.

"Tazama taa," alimwambia.

"Natazama."

"Hutazami taa."

"Naitazama. Si ile yenye kope ndefu?"

Alistahili kufukuzwa. Badala yake alipewa miwani, kisha namba ya simu, na baada ya urafiki wa muda, jibu la ndiyo. Lakini ndiyo hiyo ilikuja na sharti.

Mama yake Mpima Macho, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa posta. Jioni alirudi miguu imevimba, akapitiliza jikoni hata viatu hajavua, na baba akakaa mezani akigonga kijiko kwenye ukingo wa sahani. Hakufanya kwa ubaya. Alikuwa anapiga kingoma chake tu, akisubiri. Ti-ti-ti. Ti-ti-ti. Mama alipofariki, binti alikumbuka sauti ya kijiko kile kuliko sauti ya mama mwenyewe, na jambo hilo lilimuuma mpaka akajiapia.

"Sikuombi nyumba wala gari," alimwambia Fundi Meno siku ya pete. "Nakuomba usimame na mimi jikoni. Sijasema unisaidie. Simama na mimi."

Fundi Meno alimtazama kupitia miwani aliyouziwa na yeye mwenyewe, macho yamelowa. "Nitasimama mpaka miguu iote mizizi," akasema.

Kwa kuwa waliishi miji miwili, walikubaliana hivi: kila Ijumaa jioni watapika chakula kimoja, wakati mmoja, kila mtu jikoni kwake, simu zikiwa wazi. Chakula kiwe rahisi, na kiwe cha nchi ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuikanyaga. Walipika supu ya vitunguu ya Kifaransa. Walipika wali wa kukaanga wa Kichina, wenye mayai na njegere. Walipika maharage ya Kimeksiko na kuyafunga ndani ya mkate bapa, na Mpima Macho alicheka kwa furaha alipoona kwenye kioo cha simu mikono ya mchumba wake ikiukunja ule mkate kama mtu anayefunika mtoto shuka.

Mikono tu, naam. Uso wa Fundi Meno ulionekana mwanzoni, ukatoa salamu na mabusu, kisha simu ikageuzwa itazame jiko. Na mikono hiyo daima ilivaa glavu za bluu.

"Mpenzi, mbona unapika kama unamfanyia mtu upasuaji?" aliwahi kumuuliza.

"Mazoea ya kliniki. Usafi kwanza."

"Na mbona vidole vimenenepa?"

"Glavu hunenepesha."

Mwanamke anayelipwa ili aone alilikubali jibu hilo. Mapenzi hayapimwi kwa ule ubao wa herufi wa dukani kwake.

Jambo moja tu lilimkera: mama yake Fundi Meno. Bibi huyo alikuwa amehamia kwa mwanawe ili atibiwe goti, goti likapona, yeye akabaki. Alikataa kukutana na mchumba. Maneno yake yalimfikia Mpima Macho kupitia kwa mwana, yakiwa yamepunguzwa makali njiani, lakini bado yalikata.

"Mama anasema," Fundi Meno aliguna, "hajawahi kusikia mwanamke aliyetafuta mpishi akamwita mume."

"Mwambie mama ajaribu kusikia vizuri."

"Siwezi kumwambia hivyo."

"Basi usinipelekee na yake."

Sasa njoo kwenye Ijumaa ya tambi. Zilikuwa tambi za Kiitaliano, rosti ya nyanya, kitunguu saumu na majani ya mrehani. Mpima Macho alikuwa ameegemeza simu kwenye kopo la chumvi. Kwenye kioo, glavu za bluu zilikoroga. Nyuma ya sufuria ya Fundi Meno kulikuwa na birika jipya, linang'aa kama limepakwa mate. Na ndani ya tumbo la birika hilo, kikiwa kidogo na kimepinda kama picha ya nyuma ya kijiko, Mpima Macho aliona kiti. Juu ya kiti aliona mwanamume. Mwanamume alikuwa amepandisha mguu juu ya mguu, anakula biskuti.

"Nakaanga kitunguu saumu, mpenzi wangu," ilisema sauti ya Fundi Meno kwa uchovu wa kishujaa. "Moshi unaniingia machoni."

Mwanamume wa kwenye birika alichukua biskuti nyingine.

Mpima Macho alisogeza uso. Kando ya jiko, ndani ya birika lile lile, alisimama mtu aliyejifunga kitambaa kichwani. Mwanamke.

Damu ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Alitaka kupiga kelele. Badala yake, kwa sauti yake ya kila Ijumaa, aliuliza swali lake la kila Ijumaa: "Umeonja?"

Mwiko uliinuka kutoka sufuriani, ukatoka nje ya picha. Ndani ya birika, mwanamke alionja, akatikisa kichwa kukubali.

"Nimeonja," alisema mwanamume wa biskuti. "Tamu ajabu."

"Vizuri," alisema Mpima Macho, akakata simu, akazima jiko.

Mezani alikuwepo Kidomo, mdogo wake, aliyekuwa nyumbani kwa likizo kutoka shule ya bweni. Kidomo alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, mwenye sura ya kupendeza, na ambaye, kama itakavyodhihirika, hakuhusika na lolote. Alikuwa ameyavua meno yake marefu ya kutishia watu, yale yaliyomfanya jirani aangushe ndoo mara mbili, ameyaweka kando ya sahani. Baba alipouliza yalikotoka, kijana alijibu kwamba ni mambo ya sayansi, na baba, anayeiheshimu sayansi, hakuendelea.

"Kidomo," dada yake alisema taratibu, "mtu aliyekaa kwenye kiti anaweza kukoroga sufuria iliyo upande wa pili wa chumba?"

Kidomo alipaliwa na tambi. "Inategemea urefu wa mwiko."

"Kuna mwanamke kwake."

"Si mama yake yuko pale?"

"Mama yake hataki hata kusikia jina langu. Ndiye atasimama kila Ijumaa apike na mimi tambi? Kwa lipi?"

"Huenda birika lilipinda, dada."

"Birika halimpindi mtu mpaka akakaa na kula biskuti!" Alitupa mwiko kwenye sinki, ukalia. "Wiki zote hizi namsimulia baba: nimempata mwanamume anayesimama. Kumbe kakaa! Nilikuwa namtongoza nani pale? Nilikuwa namwambia nani 'pole mpenzi' nyanya ziliposhika chini? Mwanamke mwingine! Ameweka mwanamke mwingine ndani ya glavu akaniletea mimi nimpende!"

Kidomo alijibu kwamba yeye ni mtoto na mambo hayo hayajui. Akaomba aongezewe rosti.

*

Ijumaa iliyofuata Mpima Macho aliomba ruhusa kazini, akafunga kikaango chake kwenye kanga, akapanda basi. Kidomo alilazimishwa kumbebea mkoba. Alijitetea kwamba ana homa, tumbo na mtihani, akashindwa vyote vitatu.

Ndani ya basi dada alifanya mazoezi ya maneno yake, na abiria wa viti vya karibu waliyasikia yote. Mama mmoja alimshauri avunje birika. Mzee wa mbele alishauri avunje uchumba. Kondakta alishauri apunguze sauti.

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika kwenye jengo la Fundi Meno na kupanda ngazi hadi kwenye korido ndefu yenye harufu ya sabuni ya sakafu. Mlango wake ulikuwa wa kijani, na nyuma yake mafuta yalikuwa yanachemka. Mpima Macho alisimama mbele ya mlango huo, akafumba macho, akapiga simu.

Iliita mara mbili, mara ya kwanza sikioni, mara ya pili ndani.

"Mpenzi wangu!" Sauti ya Fundi Meno ilikuja kupitia simu na kupitia mbao za mlango. "Mbona leo sikuoni?"

"Mtandao mbaya. Tupike kwa kusikilizana tu. Leo kimanda cha viazi, cha Kihispania. Viazi tayari?"

"Nimevimenya mwenyewe, nimevikata vyembamba kama sarafu."

Nyuma ya mlango, sauti ya mwanamke ilisema, "Mwambie vyembamba kuliko sarafu. Asidhani huku hatujui kazi."

"Vyembamba kuliko sarafu," alisema Fundi Meno.

Mpima Macho aliuma mdomo. "Viive polepole kwenye mafuta. Visibabuke."

"Huyu naye!" ilisema sauti ya ndani. "Nani kamwambia vinababuka?"

"Havibabuki, mpenzi. Nimevisimamia kama mlinzi wa benki." Kiti kililalamika.

"Mayai?"

"Nimepiga, nimechanganya na viazi, nimerudisha kikaangoni, upande wa chini unashika. Jasho linanitoka."

Mpima Macho alikuwa amekuja na maneno makali ya kutosha kubomoa ukuta, lakini sasa kulikuwa na kitu kimoja alitaka kukisikia kwanza, kama mtu anayegusa jino linalouma ili ahakikishe.

"Umeonja vile viazi?" aliuliza.

Kisha mwanamke akajibu, na safari hii sauti yake haikuwa na kejeli hata chembe. Ilikuwa laini, ya mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo tangu asubuhi.

"Mwambie nimeonja. Mwambie chumvi bado kidogo. Niliogopa kuzidisha."

Hilo ndilo lililomchoma Mpima Macho kuliko biskuti. Mwizi wa mchumba anatakiwa awe na dharau. Huyu alizungumza kama rafiki. Alipiga mlango kwa kiganja mpaka chokaa ikadondoka.

"Mpenzi, kuna mtu mlangoni, usikate," alisema Fundi Meno.

"Sikati," alisema Mpima Macho. "Fungua tu."

Mlango ulifunguka. Fundi Meno alisimama, simu mkono huu, biskuti mkono ule. Alimtazama mchumba wake, akaitazama simu, kisha, bila shaka kwa mshtuko, akaipeleka simu sikioni na kusema, "Halo?"

"Halo," alisema Mpima Macho usoni kwake. "Mtandao umetengemaa."

Akampita. Jikoni, mbele ya kikaango, alisimama mwanamke mkubwa wa umbo, kitambaa kichwani, glavu za bluu mikononi. Aligeuka. Alikuwa na pua ya Fundi Meno, kidevu cha Fundi Meno, na umri wa kumzaa Fundi Meno.

Mpima Macho alifungua mdomo kutoa maneno yake ya kubomoa ukuta. Mdomo, kwa malezi yake, ukasema: "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema mama, glavu juu kama mtu aliyeshikiwa bunduki. Kisha akajikusanya. "Unaingiaje kwa watu bila hodi?"

"Nimebisha, mama."

"Umebisha kama polisi."

"Mpenzi, naweza kueleza," alianza Fundi Meno.

"Eleza. Anza na biskuti."

Biskuti aliificha nyuma ya mgongo kama mtoto.

"Usimwonee," alisema mama. "Mwanangu anashinda ameinamia meno ya watu tangu asubuhi, shingo imekakamaa. Arudi hapa aanze kumenya viazi kwa amri ya simu? Mimi nipo hai, nimuache?"

"Na mimi nashinda nimeinamia macho ya watu, mama. Shingo yangu ya mpira?"

"Basi na wewe usipike! Nani kakulazimisha?"

"Hakuna aliyemlazimisha mama yangu pia!" Sauti ya Mpima Macho ilipanda, na safari hii malezi hayakuizuia. "Alikuwa anarudi posta miguu imevimba, anaingia jikoni na viatu vyake, na mezani kuna mtu anagonga kijiko. Ti-ti-ti! Maisha yake yote alisikia hicho kijiko. Nikaapa mimi sitakisikia. Sikutafuta mpishi, mama. Mpishi ningemwajiri, angekuja na barua ya kazi. Nilitafuta mtu mmoja wa kusimama na mimi. Akaniambia atasimama mpaka aote mizizi!" Alimgeukia Fundi Meno. "Mizizi umeota kweli. Kwenye kiti!"

"Nilijaribu," alisema Fundi Meno. "Siku moja kabla ya Ijumaa ya kwanza nilijaribu wali, nikauunguza mpaka jirani akaja na maji. Niliogopa utaniacha. Nikasema hii moja tu mama anisitiri, ijayo nitajifunza. Na ijayo nayo..."

"Ungeniambia umeunguza! Ningekucheka, ningekupenda zaidi! Mimi mwenyewe supu ya Kifaransa niliitia sukari!"

"Sikujua."

"Ungejuaje? Ulikuwa na shughuli. Ulikuwa unatafuna!"

Kikaango kilianza kunuka. Mama alinyoosha mkono akigeuze kimanda, lakini Mpima Macho alimwahi.

"Mama, samahani sana. Naomba usimame kando. Ageuze yeye."

"Atajiunguza."

"Wiki za nyuma aliniambia kugeuza ni kipaji chake. Aliniambia ana mkono wa sarakasi. Haya, msarakasi. Funika sahani juu, geuza."

Fundi Meno aliweka biskuti mezani. Alifunika sahani juu ya kikaango, akavuta pumzi, akamtazama mchumba wake kwa jicho la mtu anayepanda jukwaa la kunyongewa, akageuza. Robo ya kimanda ilibaki kikaangoni. Robo ilifika sahanini. Nusu iliyobaki ilishuka kwa utulivu kwenye suruali na kupumzika juu ya soksi.

"Kimegeuka," alisema Fundi Meno kwa sauti ndogo.

Mtu wa kwanza kulipuka hakuwa Mpima Macho. Alikuwa mama.

"Wewe!" alisema, akimwelekezea mwanawe kidole cha bluu. "Kila Ijumaa nasimama hapa, pua yako na jiko ni hatua moja, nageuza, nakoroga, nakuna. Hukuwahi hata kutazama? Hata mara moja?"

"Mama, si ulisema nipumzike?"

"Nilisema upumzike miguu! Macho nani kakwambia uyapumzishe? Kumbe nilikuwa napika peke yangu hapa!"

Alipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake, mama alivuta kiti kile kile, akakaa. Alianza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja, na mikono iliyotoka ndani ilikuwa mikubwa, yenye makovu madogo ya mafuta, mikono ambayo Mpima Macho aliijua vizuri bila kuwahi kuiona.

"Hapana," mama alisema, safari hii kwa binti. "Nadanganya. Sikuwa peke yangu. Nilikuwa na wewe."

Mpima Macho alizitazama glavu.

"Nilianza kwa kumsitiri huyu, na kwa hasira. Nilisema, ngoja nimuone huyo bibie wa simu. Ukaanza maswali yako. 'Umeonja? Chumvi imetosha? Mgongo hauumi?' Binti, nimepikia watu tangu sijafika urefu wa meza. Mume, watoto, wageni. Wameniuliza chakula kitaiva lini. Wameniuliza nyama imeenda wapi. Lakini kama mimi mpishi nimeonja?" Alitikisa kichwa. "Siku nyanya ziliposhika chini, nikangoja kusemwa. Ukasema, 'Pole mpenzi wangu, usijali, hata zangu zimeshika.' Nikatoka nje nikajifanya natupa maganda."

"Mama ulilia?" aliuliza Fundi Meno.

"Nyamaza wewe, futa soksi."

"Lakini ulikataa kuniona," Mpima Macho alisema. Hasira ilikuwa bado kifuani, ila haikujua tena ikae upande gani.

"Ningekuonaje? Ukija, simu inazimwa. Ukiolewa, Ijumaa zinakwisha. Unasimama naye yeye, mimi narudi kusubiriwa chakula." Mama alitazama glavu zilizolala mapajani. "Ni aibu, najua. Mtu mzima kumnyima mwanawe mke kwa ajili ya tambi."

Mpima Macho alijaribu kubaki amekasirika. Naapa alijaribu. Lakini machozi yalikuja bila hodi. Alichutama mbele ya kiti, akaishika ile mikono mikubwa. Fundi Meno alipiga hatua kusogea naye akumbatiwe.

"Wewe kaa hapo hapo," walisema wanawake wawili kwa pamoja.

Kisha Mpima Macho akafanya jambo ambalo hakulipangia mazoezi kwenye basi. Alivua pete.

"Mpenzi, usifanye hivyo," Fundi Meno alisema, na uso wake ukapauka kabisa. "Nitajifunza. Kesho. Leo. Nakuapia."

"Umeshaniapia." Aliiweka pete kwenye kiganja cha mama na kukikunja. "Mama, mtu niliyekuwa nampenda kila Ijumaa ni wewe. Itunze. Siku huyu atakapogeuza kimanda kizima, kwa mkono wake, mbele ya macho yangu mawili yasiyohitaji miwani, wewe ndiye utanirudishia. Asipoweza, baki nayo. Wewe ndiye uliyesimama."

Mama aliinuka, akachukua kopo tupu la majani ya chai kutoka rafuni, akaidondosha pete ndani. Ilifanya kling.

"Umesikia?" alimwambia mwanawe. "Menya viazi."

Na Fundi Meno akavua miwani, akafuta machozi, akamenya viazi. Alivimenya vibaya, nusu ya kiazi ikienda na ganda, lakini alisimama. Mpima Macho alimtazama kwa kando, shingo ile iliyoinama, masikio mekundu kwa aibu, na moyo wake ukafanya kitu ambacho aliukataza.

"Mgongo hauumi?" alimuuliza kwa ukali.

"Unauma."

"Vizuri. Umeonja?"

"Viazi vibichi?"

Akacheka, akakasirika kwamba amecheka.

Mambo yangeishia hapo kwa amani na utulivu. Lakini mama, aliyekuwa anapiga mayai, alisimamisha uma hewani.

"Kitu kimoja kinanisumbua," alisema. "Huyu mwanangu hana ujanja. Siku ile ya wali alikaa kwenye maji ya jirani analia. Halafu akapiga simu mahali, akarudi anatabasamu, na glavu mkononi. Nani alikufundisha glavu? Nani alikwambia simu itazame sufuria, isitazame uso?"

Fundi Meno alitazama kiazi chake.

"Nimekuuliza," alisema Mpima Macho.

"Niliahidi sitasema."

"Pete iko kwenye kopo na bado unatunza siri?"

Fundi Meno aliinua kisu cha viazi taratibu na kukielekeza mlangoni, ambako kijana mpole, mwenye adabu na sura ya kupendeza alikuwa ameshavuka kizingiti na mguu mmoja uko koridoni.

"Shemeji," Fundi Meno alimwambia kijana. "Nisamehe." Akamgeukia mchumba wake. "Alitaka meno."

Mpima Macho aligeuka. Aliyatazama macho ya mdogo wake, kisha, kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze, akaitazama mifuko ya suruali yake. Upande mmoja ulikuwa umetokeza mbele kama unacheka.

"Kidomo. Toa."

Sina budi kukiri. Msomaji mwenye macho ameshajua, na dada yangu anayasoma haya akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, mwiko mkononi. Kidomo ni mimi. Glavu zilikuwa wazo langu, simu kutazama sufuria lilikuwa wazo langu, na maneno "glavu hunenepesha" nilimwandikia shemeji mwenyewe, kwa sababu akiachwa peke yake angesema ukweli. Malipo yangu yalikuwa seti moja ya meno marefu, kazi safi ya kliniki, kwa ajili ya kumtembelea kiranja wa bweni muhula ujao. Nilijua ni mama yake tangu mwanzo. Nilipaliwa na tambi kwa haki.

Sasa kila Ijumaa mimi ndiye ninayemenya, simu ikinitazama usoni. Na meno yangu mama aliyachukua pale pale, akayadondosha kwenye kopo la majani ya chai, juu ya pete, akafunga kifuniko. Vyote viwili vinamsubiri mtu yule yule ajifunze kugeuza kimanda. Muhula unakaribia kuanza, na jana kimoja kilianguka nyuma ya jiko. Kwa hiyo nakuomba, msomaji, kama una huruma yoyote: mwombee shemeji yangu.